Laldenga

Laldenga (1927 - 7 Julai 1990) alikuwa mwanasiasa wa Wamizo, watu wa milima ya kaskazini-mashariki mwa Uhindi. Alianzisha Chama cha Taifa cha Mizo, kinachojulikana zaidi kwa kifupi chake MNF, na kuongoza uasi wa silaha uliodumu miaka 20 kwa lengo la kuitenga nchi ya Wamizo na Uhindi. Baadaye alikaa mezani na serikali ile ile aliyoipiga vita, na tarehe 30 Juni 1986 alitia sahihi mapatano ya amani. Kutokana na mapatano hayo Mizoram ilipata hadhi ya jimbo kamili mwaka 1987, naye akawa Waziri Kiongozi wake wa kwanza.

Jina na mazingira

Kwa desturi Wamizo hawana jina la ukoo. Kila mtu ana jina lake mwenyewe. Majina ya wanaume huishia kwa herufi "a" na ya wanawake kwa "i". Kwa sababu hiyo Laldenga anatajwa kwa jina moja tu katika vitabu na nyaraka zote.

Nchi ya Wamizo ni milima mirefu yenye mabonde membamba na misitu ya mianzi. Inapakana na Bangladesh upande wa magharibi na Myanmar (zamani Burma) upande wa mashariki na kusini. Waingereza waliiteka mwishoni mwa karne ya 19 wakaiita Milima ya Lushai. Wamisionari Wakristo walifika mwaka 1894, wakaandika lugha ya wenyeji kwa alfabeti ya Kilatini na kufungua shule. Katika muda wa miaka hamsini hivi, karibu watu wote walikuwa Wakristo, na wengi walijua kusoma na kuandika.

Uhindi ilipopata uhuru mwaka 1947, milima hiyo iliwekwa kama wilaya ndani ya jimbo la Assam. Tangu mwaka 1954 iliitwa Wilaya ya Mizo. Ilikuwa na halmashauri yake yenye madaraka kiasi, lakini maamuzi makubwa na fedha vilitoka kwa serikali ya Assam. Wakati huo huo majirani zao wa kaskazini, Wanaga, walikuwa wameanza kudai uhuru chini ya kiongozi wao Angami Zapu Phizo, na madai hayo yalikwisha kugeuka kuwa vita katika miaka ya 1950. Yaliyotokea kwa Wanaga yalifuatiliwa kwa makini na vijana wa Kimizo.

Maisha ya awali

Laldenga alizaliwa katika kijiji cha Pukpui karibu na mji wa Lunglei, kusini mwa nchi ya Wamizo. Akiwa kijana alijiunga na jeshi wakati wa utawala wa Waingereza, akafikia cheo cha havildar, ambacho ni sawa na sajini. Baada ya kuacha jeshi alifanya kazi ya ukarani katika halmashauri ya wilaya mjini Aizawl.

Kazi hiyo ilimwezesha kuona jinsi serikali ilivyoendeshwa na jinsi maombi ya watu wa milimani yalivyopokelewa huko Assam. Katikati ya miaka ya 1950 alikuwa katibu wa chama cha utamaduni wa Kimizo. Alijulikana kwa ufasaha wake wa kusema mbele ya watu, na kipaji hicho ndicho kilichomwinua zaidi katika siasa.

Maua ya mianzi na njaa

Uasi wa Wamizo hauwezi kueleweka bila kueleza janga linaloitwa mautam, yaani kifo cha mianzi. Aina moja ya mianzi inayofunika sehemu kubwa ya milima hiyo huchanua maua kwa pamoja kila baada ya miaka 48 hivi, kisha hufa. Maua hayo huzaa matunda mengi mno. Panya huyala, huzaliana kwa wingi usio wa kawaida, na matunda yakiisha huvamia mashamba ya mpunga na maghala. Njaa hufuata.

Wazee walikumbuka mautam ya mwaka 1911 na walijua kuwa nyingine ilikuwa karibu. Halmashauri ya wilaya iliionya serikali ya Assam mapema na kuomba fedha za maandalizi. Ombi hilo halikukubaliwa; hoja ya wazee ilichukuliwa kuwa imani za watu wa msituni. Mwaka 1959 mianzi ilichanua kama walivyosema, na njaa ikaingia. Misaada ilichelewa, na kwa kuwa barabara zilikuwa chache, hata chakula kilichopatikana kilikuwa vigumu kufikishwa vijijini.

Mwaka 1960 Laldenga na wenzake walikigeuza chama chao cha utamaduni kuwa chama cha kupambana na njaa. Vijana wa kujitolea walibeba magunia ya mchele mgongoni kwenda vijiji vya mbali, wakaandika orodha za wenye shida na kupeleka habari zao mjini. Chama hicho kilijulikana na kupendwa kila mahali. Mwaka huo huo serikali ya Assam ilipitisha sheria ya kukifanya Kiassam kuwa lugha rasmi ya jimbo. Watu wa milimani, ambao hawakukijua Kiassam, waliona kwamba watoto wao wangefungiwa milango ya shule na kazi.

Kuanzishwa kwa MNF

Tarehe 22 Oktoba 1961 neno "njaa" liliondolewa katika jina la chama, na MNF ikazaliwa kama chama cha siasa chini ya uenyekiti wa Laldenga. Lengo lake lilikuwa uhuru kamili, pamoja na kuwaunganisha Wamizo wote waliogawanywa na mipaka ya Assam, Manipur, Tripura, Burma na Pakistan ya Mashariki (leo Bangladesh).

Si Wamizo wote waliokubaliana naye. Chama kikongwe zaidi, Mizo Union, kilitaka jimbo ndani ya Uhindi, si nchi ya pekee. Mgawanyiko huo ulikuwa na madhara makubwa baadaye, kwa kuwa ndani ya kijiji kimoja walikuwemo waliowaunga mkono waasi na waliowapinga.

Laldenga alifanya siasa za wazi huku akijiandaa kwa siri. Alivuka mpaka kwenda Pakistan ya Mashariki kutafuta silaha. Wakati mmoja alikamatwa kwa ajili ya safari hizo, kisha akaachiliwa. Tarehe 30 Oktoba 1965 MNF ilimpelekea Waziri Mkuu Lal Bahadur Shastri waraka wa kudai haki ya Wamizo ya kujitawala. Shastri alifariki Januari 1966, na Indira Gandhi akashika nafasi yake. Wiki chache baadaye vita vilianza.

Uasi wa mwaka 1966

Usiku wa tarehe 28 Februari 1966 wapiganaji wa MNF walishambulia kwa pamoja vituo vya serikali na vya askari wa Assam Rifles katika miji mbalimbali. Kambi ya Champhai ilitekwa pamoja na silaha zake. Lunglei ilianguka mikononi mwao kwa muda. Mjini Aizawl waasi walishika mitaa, lakini kambi ya askari haikuanguka. Tarehe 1 Machi Laldenga na wenzake walitangaza uhuru wa Mizoram.

Jibu la serikali kuu lilikuwa kali. Wilaya ilitangazwa kuwa eneo la machafuko, jeshi likapewa madaraka ya pekee, na MNF ikapigwa marufuku. Tarehe 5 Machi ndege za kivita zilishambulia Aizawl kwa risasi na mabomu ya moto. Nyumba nyingi za mbao ziliteketea na wakazi wakakimbilia mabondeni. Shambulio hilo hutajwa mara nyingi kuwa la pekee ambalo jeshi la anga la Uhindi limewahi kulifanya dhidi ya mji wa nchi yake yenyewe. Katika muda mfupi jeshi liliirudisha miji yote, na waasi wakaingia msituni.

Kuhamishwa kwa vijiji

Tangu mwaka 1967 jeshi lilianza kuwahamisha wanavijiji kwa nguvu na kuwakusanya katika vituo vikubwa kando ya barabara. Zaidi ya vijiji 500 viliondolewa kwa njia hiyo. Watu walipewa muda mfupi wa kuchukua walivyoweza kubeba; nyumba na akiba iliyobaki ilichomwa ili waasi wasipate chakula wala mahali pa kulala. Vituo vilizungushiwa uzio, na mtu hakuweza kwenda shambani bila kibali.

Mbinu hiyo ilifanana na ile iliyotumiwa na Waingereza huko Malaya, na pia Kenya dhidi ya Mau Mau, katika miaka ya 1950. Kwa Wamizo, ambao maisha yao yalitegemea kufyeka mashamba mapya mlimani kila mwaka, ilikuwa pigo kubwa. Kilimo kiliporomoka, na watu wengi wakategemea mgao wa chakula. Vijiji vingi vilivyoachwa havikurudiwa tena.

Raia walibanwa pande zote mbili. Aliyewapa waasi chakula aliadhibiwa na jeshi. Aliyedhaniwa kuwa mpelelezi wa jeshi aliuawa na waasi. Mwezi Januari 1975 wapiganaji wa MNF waliingia ofisini Aizawl na kuwaua maafisa watatu wa juu wa polisi.

Uhamishoni

Laldenga hakukaa msituni miaka yote hiyo. Alivuka mpaka akaishi Pakistan ya Mashariki, ambako MNF iliweka makao yake katika Milima ya Chittagong kwa ridhaa ya serikali ya Pakistan. Kutoka huko aliongoza serikali ya uhamishoni akiitwa rais.

Mwaka 1971 hali ilibadilika ghafla. Vita vya ukombozi wa Bangladesh viliishia kwa ushindi wa jeshi la Uhindi mwezi Desemba, na waasi wakapoteza maficho yao. Wapiganaji wengi walikimbilia misitu ya Burma, naye Laldenga akafika Pakistan. Alikuwa mbali sana na watu wake, na aliwategemea wenyeji ambao wenyewe walikuwa wameshindwa vita.

Huku nyumbani serikali kuu ilichukua hatua ya kisiasa. Tarehe 21 Januari 1972 Wilaya ya Mizo ilitenganishwa na Assam na kuwa eneo la muungano lenye jina la Mizoram, likiwa na bunge lake dogo na Waziri Kiongozi wake. Sehemu ya malalamiko ya Wamizo ilikuwa imejibiwa bila MNF. Hapo ndipo Laldenga alipoanza kufikiria mazungumzo.

Miaka kumi ya mazungumzo

Mwaka 1975 Laldenga aliwasiliana na maafisa wa Uhindi huko Ulaya, na mwanzoni mwa mwaka 1976 alifika Delhi. Tarehe 1 Julai mwaka huo yalitangazwa makubaliano: MNF ilikubali kwamba Mizoram ni sehemu ya Uhindi na kwamba matatizo yatatatuliwa ndani ya katiba ya nchi. Kwa mtu aliyetangaza uhuru miaka kumi kabla, hiyo ilikuwa hatua kubwa sana.

Makubaliano hayo hayakutekelezwa. Baadhi ya wapiganaji waliona kwamba mwenyekiti wao amewauza, wakakataa kuweka silaha chini. Serikali kwa upande wake ilitaka silaha zisalimishwe kwanza, kabla ya jambo lingine lolote. Mwaka 1977 Indira Gandhi alishindwa uchaguzi, na serikali mpya ya Morarji Desai haikuwa na imani na Laldenga. Mazungumzo yalikatika, mapigano yakarudi, na mwezi Julai 1979 Laldenga alikamatwa.

Indira Gandhi aliporudi madarakani Januari 1980, mashtaka yake yaliondolewa na mapigano yakasitishwa. Safari hii kikwazo kilikuwa kingine: Laldenga alitaka serikali ya Mizoram iliyochaguliwa, chini ya Brigedia mstaafu T. Sailo, ivunjwe ili yeye akabidhiwe uongozi. Sailo alikataa kuachia nafasi aliyopewa na wapiga kura. Mwanzoni mwa mwaka 1982 mazungumzo yalivunjika tena, MNF ikapigwa marufuku kwa mara nyingine, na Laldenga akaondoka kwenda London.

Wakati huo watu wa kawaida walikuwa wamechoka. Makanisa yaliunda kamati ya pamoja ya kutafuta amani, na vyama vya wanafunzi na vya wanawake vikafanya maandamano wakiomba pande zote zirudi mezani. Chama cha Congress, chini ya Lal Thanhawla, kilishinda uchaguzi wa Mizoram wa mwaka 1984 baada ya kuahidi kuleta amani.

Laldenga alirudi Delhi mwishoni mwa Oktoba 1984. Alitazamiwa kuonana na Indira Gandhi tarehe 31 Oktoba, lakini asubuhi ya siku hiyo Waziri Mkuu aliuawa na walinzi wake mwenyewe. Ilidhaniwa kuwa jitihada zote zimekwisha. Hata hivyo Rajiv Gandhi, mwana na mrithi wake, aliamua kuendelea na mazungumzo.

Mapatano ya amani ya 1986

Mapatano yalitiwa sahihi mjini Delhi tarehe 30 Juni 1986. Laldenga alisaini kwa niaba ya MNF, R. D. Pradhan aliyekuwa katibu wa wizara ya mambo ya ndani kwa niaba ya serikali kuu, na Lalkhama, katibu mkuu wa serikali ya Mizoram. Kwa Pradhan hiyo ilikuwa siku yake ya mwisho kazini kabla ya kustaafu.

Mambo makuu yaliyokubaliwa ni haya:

- MNF itasalimisha silaha zake, itaacha lengo la kujitenga, na haitavisaidia vikundi vingine vya waasi vya eneo hilo.
- Wapiganaji watapokelewa nyumbani na kusaidiwa kuanza maisha mapya.
- Mizoram itakuwa jimbo kamili lenye bunge la wajumbe wasiopungua 40.
- Sheria za bunge la Uhindi zinazogusa dini na mila za Wamizo, sheria zao za kimila, na umiliki wa ardhi hazitatumika Mizoram mpaka bunge la jimbo lenyewe liridhie.

Laldenga hakupata yote. Uhuru ulikuwa umeachwa tangu zamani, na ombi la kuunganisha Wamizo wa majimbo mengine halikukubaliwa.

Jambo moja lililorahisisha utekelezaji ni uamuzi wa Lal Thanhawla. Yeye alikuwa Waziri Kiongozi aliyechaguliwa, lakini alikubali kushuka na kuwa naibu ili Laldenga aongoze serikali ya mpito. Laldenga alishika nafasi hiyo tarehe 21 Agosti 1986. Wapiganaji walikwisha kutoka msituni, wengine wakiwaona wazazi wao kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi.

Waziri Kiongozi

Katika uchaguzi wa Februari 1987 MNF ilipata viti 24 kati ya 40. Tarehe 20 Februari Mizoram ilitangazwa rasmi kuwa jimbo la 23 la Uhindi, mbele ya Rajiv Gandhi aliyesafiri hadi Aizawl kwa sherehe hiyo.

Kutawala kulimpa Laldenga shida za aina nyingine. Wapiganaji wa zamani walitazamia kazi na vyeo, lakini hazina ya jimbo ilitegemea fedha za serikali kuu. Wajumbe wa chama chake walilalamika kwamba aliongoza kwa amri, kama alivyozoea wakati wa vita. Mwaka 1988 baadhi yao waliasi, na serikali yake ikapoteza wingi wa viti bungeni. Mwezi Septemba Mizoram iliwekwa chini ya utawala wa moja kwa moja wa serikali kuu.

Uchaguzi uliofanyika mwanzoni mwa mwaka 1989 ulishindwa na Congress, na Lal Thanhawla akarudi kuwa Waziri Kiongozi. Laldenga aliyakubali matokeo na kuongoza upinzani bungeni. Hakurudi msituni, wala hakuwaita wafuasi wake kufanya hivyo. Huenda uamuzi huo ulikuwa na uzito sawa na sahihi yake ya mwaka 1986, maana ulionyesha kwamba mapatano hayakutegemea yeye kuwa madarakani.

Kifo

Laldenga alipatwa na saratani ya mapafu na kufariki London tarehe 7 Julai 1990. Phizo, kiongozi wa Wanaga, alikuwa amefariki katika mji huo huo tarehe 30 Aprili mwaka huo, akiwa bado uhamishoni na bila kufikia mapatano yoyote na Uhindi. Mwili wa Laldenga ulirudishwa nyumbani na kuzikwa katikati ya mji wa Aizawl, ambako kaburi lake lipo mpaka leo.

Urithi

Uongozi wa MNF ulichukuliwa na Zoramthanga, aliyekuwa katibu wake wa karibu tangu siku za msituni. Zoramthanga alikuwa Waziri Kiongozi wa Mizoram kuanzia mwaka 1998 hadi 2008, na tena kuanzia 2018 hadi 2023. Mianzi ilipochanua tena kunako mwaka 2006, serikali ya jimbo iliyokuwa ikijiandaa kwa panya na njaa iliongozwa na chama kile kile kilichozaliwa na njaa ya 1959.

Mapatano ya 1986 hutajwa mara kwa mara kuwa yaliyodumu kuliko yote ya eneo hilo la Uhindi. Kwa kulinganisha, makubaliano ya Shillong ya Novemba 1975 kati ya serikali na baadhi ya viongozi wa Wanaga yaliwagawa Wanaga wenyewe. Waliyoyakataa, wakiwemo Isak Chishi Swu na Thuingaleng Muivah, walianzisha chama kipya cha mapambano mwaka 1980. Tofauti moja iliyo wazi ni kwamba Laldenga alikuja mezani kama mwenyekiti wa chama kizima, na wapiganaji walio wengi walimfuata.

Tathmini ya maisha yake haijawa moja. Wapo wanaomheshimu kama aliyewarudishia Wamizo amani na kulinda ardhi na mila zao katika katiba. Wapo wanaouliza kama hadhi ya jimbo haingepatikana bila vijiji kuchomwa na watu kuuawa, kwa kuwa ndiyo iliyodaiwa na Mizo Union tangu awali. Jamaa za waliouawa na MNF bado wanakumbuka upande wao.

Tarehe 30 Juni huadhimishwa Mizoram kila mwaka kama siku ya amani, ambayo kwa Kimizo huitwa Remna Ni.